Salamu za Kisima Tatu

Chumba cha redio kilikuwa mwisho wa ukumbi, baada ya stoo ya mabomba, na dirisha lake lilitazama uani ambako malori mawili ya shirika yalikuwa yamepandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Swaumu binti Nassibu alifanya kazi humo tangu mwaka 1971. Alikuwa na meza, saa ya ukutani, kiti chenye mto alioshonewa na baba yake, na redio koli ya kijivu yenye kipaza sauti cha mkononi. Ukibonyeza kitufe cha ubavuni unasema, ukiachia unasikiliza. Wawili hawawezi kusema kwa pamoja.

"Basi hicho chombo kina adabu kuliko wake zangu wote wawili," alisema baba yake, Mzee Nassibu, siku alipoelezwa kazi hiyo. Alikuwa fundi cherehani wa Isevya, na alipenda kuwatania wake zake hao, wote marehemu.

Shirika la Visima vya Vijiji lilichimba maji katika vijiji vipya vya ujamaa. Ofisi ya Tabora iliitwa Kisima Moja. Kisima Mbili ilikuwa stoo ya Usoke, alikokaa karani mmoja aitwaye Yahaya. Kisima Tatu ilikuwa kambi ya porini, maili ishirini na mbili kusini mwa stesheni ya Tura, mahali palipopimwa kuwa kijiji lakini watu wake walikuwa bado hawajahamia. Walingoja maji. Mtunza redio wa huko aliitwa Hilari, mtu wa Usoke, Mkatoliki, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Mkewe Pelagia alibaki Usoke akilima tumbaku.

Kila asubuhi saa mbili Swaumu aliita.

"Kisima Tatu, Kisima Tatu, hapa Kisima Moja. Shikamoo baba Leonia. Ova."

"Marahaba mayu. Umeamkaje? Ova."

"Salama. Habari za huko? Ova."

"Nzuri tu. Ova."

Za kazi, nzuri. Za mvua, nzuri. Za mwili, nzuri, tunamshukuru Mungu. Hilari alimwita mayu, mama, kama Wanyamwezi wanavyowaita hata mabinti zao, na hakuruka hata swali moja. Kama lilikuwapo neno, lilikuja mwisho kabisa, baada ya nzuri zote kwisha. Nzuri, ila bomba limekatika. Nzuri, ila mpishi ameumwa na nyoka, tumempeleka Tura. Nzuri, ila yule mtoto wa fundi tulimzika jana. Kwa miaka minne kila jambo baya lilimfikia Swaumu kwa njia hiyo, naye hakuona ajabu. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara. Mzee Nassibu alisimulia kwamba mizigo ilipotuliwa Kwihara, wanawake walisimama wakasalimia wote, wakauliza hali ya njia na hata hali ya punda, ndipo mwanamume mmoja aliposema ni mzigo wa nani uliofika mgongoni kwa mwingine.

Baada ya hayo yote Hilari alimwomba Swaumu ampe Yahaya salamu za mama Leonia. Yahaya alizipeleka kwa baiskeli, na kesho yake salamu za Pelagia zilirudi kwa njia hiyohiyo.

Ndugu Tobias, meneja mpya, alifika kutoka Dar es Salaam mwezi wa Januari 1975. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na baiskeli yake mwenyewe, na alipanga foleni ya unga kama wengine. Lakini alilikuta shirika halina dizeli. Mwishoni mwa mwezi aliwaondoa wachimbaji wote kambini, akambakisha Hilari peke yake kulinda mtambo, akiwa na unga, maharage, redio, na pipa la dizeli kwa ajili ya jenereta ndogo ya kuchajia betri. Makarani wawili wa Tabora walipunguzwa. Kisha asubuhi moja meneja alikuja kusimama chumbani kwa Swaumu, saa yake ya mkononi mbele ya macho.

"Dakika sita," alisema mazungumzo yalipokwisha. "Katika hizo, habari ya kazi haikufika hata dakika moja. Ndugu Swaumu, dizeli ya kuchaji betri ya kule inatoka wapi?"

"Stoo, mkubwa."

"Na kabla ya stoo?"

Swaumu alitazama nje, kwenye malori yale mawili yasiyo na matairi.

"Inatoka ng'ambo, kwa meli, na nchi inaipata kwa shida. Sisi tunaichoma kuulizana habari za kuku."

Swaumu alitaka kusema kwamba za kuku alikuwa akiuliza Yahaya peke yake. Hakusema. Baba yake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, siku hizi alishona kwa kupapasa, na mshahara ulioingia nyumbani ulikuwa mmoja tu.

Waraka ulipigwa chapa Ijumaa. Kuanzia Jumatatu tarehe 10 Februari salamu za aina yoyote zisitumike redioni. Kila kituo kitasoma taarifa kwa kufuata fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitano: namba, kituo, mafuta, mtambo, maji. Nakala ya Usoke ilikwenda kwa treni. Nakala ya Kisima Tatu ilibaki kwenye trei, kwa sababu hapakuwa na lori la kuipeleka.

Jumamosi, kabla waraka haujaanza kazi, Hilari alimaliza nzuri zake zote, kisha akasema, "Ila waya wa winchi umenichana muundi, mayu. Ulikuwa na kutu. Ova."

"Pole sana, baba Leonia. Umetia dawa? Ova."

"Nimetia mafuta ya taa na majivu. Si kitu. Mwambie Yahaya amsalimie mama Leonia, lakini mguu asiutaje. Yule mama ataacha tumbaku shambani aje huku kwa miguu. Ova."

Jumatatu meneja alisimama mlangoni. Swaumu aliita kama alivyoagizwa. "Kisima Tatu, hapa Kisima Moja. Soma taarifa. Ova."

Sauti ya Hilari ilikuja imechangamka. "Mwangaluka, mayu! Leo umeamka na haraka. Shikamoo yangu umempa nani? Ova."

Ndugu Tobias alivuka chumba, akachukua kipaza sauti. "Kisima Tatu, huyu ni Meneja. Salamu zimepigwa marufuku. Redio hii ni ya kazi, si ya barazani. Soma taarifa ya mafuta, mtambo na maji, basi. Ova."

Redio ilitoa mvumo mtupu. Usoke nako walikuwa wakisikia. Swaumu aliitazama meza.

"Samahani, mkubwa," Hilari alisema hatimaye. "Sikujua. Mafuta lita hamsini na tano. Mtambo salama. Maji bado. Ova."

Hiyo ilichukua nusu dakika. Meneja aliandika muda huo kwenye daftari lake akatoka ameridhika. Yahaya alipoitwa alisoma taarifa yake kwa sauti nzito ya mtangazaji, akaongeza, "Mwisho wa habari, na sasa muziki wa bendi." Safari hiyo Swaumu hakucheka.

Jumanne, kabla ya kuita, kidole chake kilibonyeza kitufe mara mbili bila yeye kusema neno. Porini kule jambo hilo lingesikika kama mtu anayegonga ubao, ta, ta. Alingoja. Kutoka Kisima Tatu zikarudi mbili, ta, ta, kali na safi.

"Nini hiyo?" meneja aliuliza.

"Najaribu kitufe, mkubwa. Kinakwama."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini. Tangu siku hiyo kila asubuhi alibonyeza mara mbili, hiyo ikiwa shikamoo, na mbili zikarudi, hiyo ikiwa marahaba. Nyumbani alimweleza baba yake, kwa fahari kidogo.

"Kwa hiyo mnabisha hodi na kuitikiana karibu," Mzee Nassibu alisema, "na mlango haufunguliwi."

"Angalau anajua sijamsahau, baba."

"Na wewe unajua nini?"

Swaumu alisema anajua kwamba yu mzima. Mtu anayeitikia hivyo kila siku, kwa nguvu hivyo, ana nini? Kweli alitaka kuuliza habari za mguu. Siku ya Jumatano meneja hakuwapo chumbani, naye alikwisha kufungua kinywa, "Na ule mgu...", viatu vikasikika ukumbini, akaachia kitufe. Hilari hakulidaka lile neno. Alisoma mafuta, mtambo, maji. Yeye alikuwa amekaripiwa mbele ya vijana, redioni, tena na mkubwa wa kazi. Na maisha yake yote hakuwahi kumwanzia mtu habari za maumivu yake kabla ya kuulizwa. Katika vile visanduku vitano hapakuwa na mahali pa kuulizwa.

Jumanne ya pili, tarehe 18, sauti yake ilikuja imebadilika. Maneno yalikuwa madogo na yamebanwa. "Fuuta arbaini na tsa," ndivyo Swaumu alivyosikia, na ilimbidi amwambie arudie. Katika fomu, pembeni, aliandika: Sauti hafifu. Betri?

"Unaona," meneja alisema. "Zile salamu za miaka minne."

Jumatano ikawa mbaya zaidi. Mtambo haukutajwa kabisa. Meneja aliagiza Kisima Tatu apumzishe redio, asiite tena hadi Ijumaa, betri ipate nafuu. Swaumu aliusoma ujumbe huo mara mbili. Jibu halikuwa neno. Zilikuja ta, ta, basi.

Saa kumi na nusu jioni alikuwa uani Isevya, amekaa kwenye mkeka karibu na cherehani. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee Nassibu alikuwa akipima pindo la kanzu, pini nne zimebanwa kwenye meno. "Npe nkasi," alisema.

"Unasemaje, baba?"

"Nkasi!"

Swaumu alibaki amemtazama kinywani. Sauti ya baba yake haikuwa hafifu hata kidogo. Ilikuwa na nguvu zake zote, imezuiwa na meno tu. Na betri inayokufa haichagui. Ingedhoofisha sauti ingedhoofisha na ile milio ya kitufe, lakini ta, ta za asubuhi zilikuwa kali kama za siku ya kwanza.

Alivaa kandambili akakimbia, hakumpa baba yake mkasi.

Ndugu Tobias alikuwa bado ofisini anaandika. Alimfuata chumba cha redio akisema, "Kisima Tatu amefunga, nilimwambia afunge." Swaumu hakumjibu. Aliwasha, akangoja taa nyekundu, akabonyeza mara mbili.

Jibu lilikuja papo hapo. Redio ya Hilari ilikuwa wazi. Alikuwa amekaa nayo wazi mchana kutwa.

"Shikamoo, baba Leonia," Swaumu alisema. "Habari za mguu? Ova."

Meneja hakumzuia. Kutoka upande wa pili ulikuja upepo wa pumzi unaopita kwenye meno, na ndani yake kitu kilichotaka kuwa neno.

"Usiseme. Kama ni mguu, bonyeza mara moja. Ova."

Ta.

"Kama kinywa hakifunguki, bonyeza mara moja. Ova."

Ta.

"Pepopunda," alisema Ndugu Tobias nyuma yake. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti. "Waya wenye kutu. Lini? Alichanwa lini?"

"Jumamosi ile, kabla ya waraka."

Alihesabu kwa vidole, akaacha katikati. Kisha alitoka mbio kama alivyokuwa. Alikwenda kwa baiskeli hospitalini kumwomba daktari msaidizi na dawa, kutoka huko hadi stesheni, na kabla giza halijaingia wote wawili walikuwa juu ya treni ya mizigo kuelekea Tura. Kutoka Tura ingekuwa kwa miguu, katika tope, pamoja na wanaume watakaokubali kubeba machela.

Alfajiri Swaumu alikuwa tena mezani. Hakuwa na mtu wa kumpimia muda, akamsalimia Hilari salamu zote alizomnyima kwa siku kumi. Habari za asubuhi, baba Leonia? Za mvua? Za usingizi? Kila swali liliitikiwa mara mbili. Alimweleza kwamba meneja mwenyewe yuko njiani na dawa, wamekwisha kuvuka mbuga ya kwanza, jambo ambalo hakulijua. Kila saa aliita. Saa sita majibu yalianza kukawia. Saa nane ilikuja moja tu. Saa tisa haikuja. Aliendelea kubonyeza, mbili, akangoja, mbili, akangoja. Makarani wenzake walikuja mlangoni mmoja mmoja, wakasimama, wakaondoka.

Saa kumi na dakika kumi redio ilisema.

"Kisima Moja, hapa Kisima Tatu." Ilikuwa sauti ya Ndugu Tobias. Hakuachia kitufe, maana Swaumu aliisikia mvua ikipiga turubai. "Ndugu Swaumu. Habari za huko? Ova."

Swaumu alifumba macho. Alikwisha kujua.

"Nzuri, mkubwa," alijibu, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. "Habari za huko? Ova."

"Nzuri." Mvua. "Ila tumechelewa. Ova."

Walimzika Tura siku iliyofuata. Meneja alirudi Jumamosi, tope limekauka hadi magotini, akaweka daftari la Hilari juu ya meza ya redio. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake uliopigwa mistari kwa rula, visanduku vitano, mwandiko wa shule ya misheni. Katika kurasa za mwisho herufi zilikuwa zimelegea, lakini visanduku vyote vilijazwa. Mafuta lita 48. Mtambo salama. Maji bado. Mguu haukuandikwa popote.

"Betri ilikuwa imejaa," Ndugu Tobias alisema. "Nimeitazama mwenyewe. Imejaa kabisa." Alikaa juu ya kreti la mabomba. "Mbona hakusema? Siku kumi. Redio anayo mkononi. Mbona hakusema, mtu mzima?"

"Hakuulizwa, mkubwa."

Alimtazama kama mtu anayetaka kubishana, kisha akavuta fomu na kuandika. Aliisukuma karatasi mbele ya Swaumu. Ilikuwa iende Kisima Mbili, Usoke: Hilari amefariki tarehe 20. Mjulishe mkewe. Ova.

Swaumu aliisoma. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake.

"Hii sitaisema redioni," alisema. Hakuwahi kumwambia mkubwa sitaki, na masikio yalimwaka moto. "Nitakwenda mwenyewe na treni ya Kigoma. Ukitaka kunipunguza, nipunguze nikirudi."

"Nenda," alisema Ndugu Tobias. Waraka ulikuwa bado ukutani juu ya kichwa chake.

Yahaya alimpokea stesheni ya Usoke, akamwona uso, akaacha maneno yote ya utani aliyokuwa ameyaandaa. Alimwonyesha njia, lakini Swaumu alimwomba asimfuate. Ilikuwa mwendo wa nusu saa kati ya mashamba ya tumbaku. Pelagia alikuwa kwenye banda la kukaushia, anafunga majani kwenye fito. Hawakuwahi kuonana. Swaumu alisema jina lake, na yule mama alijifuta utomvu mikononi kwa kanga, akafurahi sana.

"Ndiye wewe Swaumu wa redio! Karibu, mwanangu, karibu. Nilidhani u mnene, kwa sauti ile niliyoisikia siku moja kwa Yahaya."

"Shikamoo, mama Leonia."

"Marahaba. Habari za Tabora?"

"Nzuri, mama."

"Za baba yako? Wanasema macho yanamsumbua."

"Nzuri. Anaendelea."

"Za kazini?"

"Nzuri," alisema Swaumu, na sauti ilimkatika hapo.

Pelagia alisikia. Furaha ilimwondoka usoni taratibu, ikabaki kanga mikononi, anajifuta, anajifuta. Siku kumi na mbili hakuletewa salamu. Alimtazama mgeni, akatazama njia aliyokuja nayo, ambako hapakuwa na mtu mwingine. Kisha akavuta kigoda, akamkalisha, naye akakaa chini mbele yake, akaendelea kuuliza.

"Za njiani?"

"Nzuri, mama."

"Treni haikuchelewa?"

"Kidogo tu."

"Mvua za huko?"

"Zinanyesha vizuri."

"Mahindi?"

"Yamesimama."

"Na Yahaya, umemwacha mzima? Na ndugu zako? Na majirani?"

Swaumu alijibu kila moja. Hakumharakisha. Aliijua ile njia na mahali inapoishia, na yule mama naye alijua, na kwa kila swali alikuwa akiisogeza mbele hatua moja.

"Na kuku?" Pelagia aliuliza. "Mnafuga kuku huko Isevya?"

"Tunao watatu, mama. Wazima."

Pelagia alifikiri sana. Midomo yake ilicheza, ikitafuta kitu kingine cha kuuliza chini ya mbingu, na haikupata.

"Haya, mayu," alisema. "Nakusikiliza."